Namna ya kuomba msaada kwa Kiingereza cha kila siku bila kuamrisha wala kutisha

Mkaaji wa Goma anayeanza kujifunza Kiingereza huwa tayari ana lugha mbili mdomoni: Kiswahili cha nyumbani na sokoni, na Kifaransa cha shuleni na ofisini. Zote mbili humfaa sana, ila inapofika saa ya kuomba msaada kila moja humwekea mtego wake. Na saa hiyo hufika mara nyingi kuliko zamani, kwa sababu Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na ng'ambo ya Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani, nchini Rwanda, serikali iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, hata kijana wa Gisenyi unayefanya naye biashara anaweza kukujibu kwa lugha hiyo.

Mtego wa kwanza unatoka katika Kiswahili chetu. Tunaposema "unisaidie", ile "u" ya mwanzoni na ile "e" ya mwishoni zimekwisha kulilainisha neno, na anayesikia anajua kwamba anaombwa. Kiingereza hakina viungo hivyo. Ukisema "Help me!" peke yake, umetoa amri, au umepiga yowe la mtu anayezama ziwani. Nilimwona kijana mmoja pale Birere, mtaa wa hapa Goma, ambaye chukudu yake, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa magunia ya viazi, ilikuwa imekwama gurudumu la mbele kati ya mawe ya lava. Alimwita mgeni aliyekuwa akipita kwa sauti kubwa, "Help me!", na yule mgeni akageuka ghafla, mkono kwenye mfuko wake, akitafuta kwa macho mwizi yuko wapi. Kijana alihitaji tu kusema: "Excuse me, could you give me a hand?"

Maneno hayo ya mwisho yafaa kukaririwa kabla ya mengine yote. Kwa neno moja moja yanazungumzia kupewa mkono, lakini hayahusu salamu, kwani maana yake ni kusaidiwa kazi kidogo, hasa kazi ya kubeba, kusukuma au kupanga vitu. Anayejua Kifaransa atayashika upesi kwa sababu wenye lugha hiyo nao huomba "un coup de main". Kwa shida isiyo ya mikono, kama vile kukosa nauli au kutoelewa fomu, husemwa "Can you help me out?", ambapo neno dogo "out" linaonyesha kwamba unataka kutolewa mahali ulipokwama.

Mtego wa pili ni wa Kifaransa, na ndio unaoudhi zaidi. "Demander" ni kuomba au kuuliza tu, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa nguvu, kama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu. Barua inayoanza na "I demand your help" humfanya msomaji akunje uso kabla hajafika mstari wa pili. Tumia "ask": "Can I ask you for some help?" au, kwa wepesi zaidi, "Can I ask you something?"

Kuna pia jambo dogo la chumvi. Mezani tunasema "unisaidie chumvi", na dukani "unisaidie kalamu", tukiwa na maana ya kupewa. Ukimwambia Mwingereza "Help me with the salt", atajiuliza chumvi hiyo ina kazi gani inayohitaji watu wawili. Kwa chumvi sema "Could you pass me the salt?" na kwa kalamu "Can I borrow your pen?" Angalia hapo kwamba anayechukua ndiye anayefanya "borrow" na anayetoa ndiye anayefanya "lend", ingawa kwetu kuazima ni kwa wote wawili.

Jinsi ya kuchagua kati ya "can", "could" na maneno marefu zaidi haiwasumbui wanafunzi wangu kama wanavyodhani itawasumbua. Pima uzito wa unachoomba. Kwa jambo la nusu dakika kwa rafiki, "Can you hold this?" inatosha. Kwa mtu usiyemjua, "could" ni salama daima. Jambo likiwa zito, kwa mfano kumwomba mwenzako akusomee barua yako ya kuomba kazi jioni nzima, urefu wa sentensi huwa sehemu ya heshima: "I was wondering if you could have a look at my letter." Kitenzi kimewekwa wakati uliopita ingawa unasema sasa, kama sisi tunavyosema "nilikuwa nataka nikuulize" huku tumesimama mlangoni.

"Would you mind" yahitaji uangalifu wake, maana swali lake kwa hakika ni: je, utaona vibaya? Kwa hiyo anayekubali hujibu "No, not at all", na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "Would you mind closing the window?" Mwanafunzi wangu mmoja, mpole kuliko wote, alijibu "Yes" kwa tabasamu pana, akaenda kulifunga dirisha, huku aliyemwomba akibaki ameduwaa kwa sababu alikuwa amesikia kwamba amekataliwa.

Ili ombi liwe jepesi, Kiingereza hutumia "just" na "quick" kama Goma tunavyotumia "kidogo". "Nikuulize kidogo" inakuwa "Can I just ask you a quick question?", na "una dakika kidogo?" inakuwa "Have you got a minute?" Salamu ndefu za kuuliza habari za nyumbani na za watoto hazitangulii hapo. "Excuse me" hufungua mlango, kisha shida yenyewe inafuata, wala usidhani kwamba mwenzako amekosa adabu akikufanyia hivyo. Mtu mzima usiyemjua usimwite "papa" wala "mama" kwa Kiingereza, hata kama ulimi unakuwasha.

"Could you do me a favour?" ni nzuri, lakini sema kwa sauti ya kuuliza, kwa kuwa Waingereza wakisema "Do me a favour!" kwa mkazo huwa wanamaanisha kwamba umesema upuuzi. Anayeshindwa kukusaidia atasema "Sorry, I'm a bit tied up", naye hajafungwa kamba, ana shughuli tu. Mjibu "No worries" na umwache aende. Anayekusaidia mwambie "Thanks, I owe you one", yaani siku moja nami nitakufaa. Usiseme hivyo kwa mchuuzi wa Birere aliyejifunza Kiingereza juzi, kwa maana atakuuliza papo hapo kama hiyo moja ni dola au ni faranga.