Dayagnosisi kuu ya mama aliyejifungua: naandika mara moja, msinipigie tena

Wakuu, wiki hii simu nne, swali lile lile: mama kajifungua, dayagnosisi kuu naweka namba gani? Nazungumzia ICD-10 ya WHO, kile kitabu cha namba za magonjwa.

1. Soma faili lote mpaka fomu ya kuruhusiwa. Jalada halitoshi.

2. Kajifungua kawaida, hakuna tatizo lililoandikwa: O80. Basi.

3. Kuna tatizo? Hapa ndipo nilipochemka. Mwaka wangu wa kwanza kila aliyepasuliwa nilimpa O82. Akaja mama kutoka Ukerewe, kavuka na meli ya asubuhi, uchungu umemshika tangu jana yake. Juu ya jalada wino mwekundu: KAPASULIWA. Nikaweka O82.1, ya dharura, nikafunga. Dai la bima likarudi: sababu ya upasuaji iko wapi? Nafungua patografu, ile chati ya mwendo wa uchungu, mstari wa kichwa cha mtoto umelala palepale, na nyuma yake daktari kaandika kabisa: uchungu pingamizi, nyonga haimtoshi mtoto. Ilitakiwa O65.4 iongoze, O82.1 ifuate. Kisu ni njia aliyojifungulia. Dayagnosisi kuu ni kile kilichomfanya ahitaji kutibiwa. O80 hadi O84 zinakaa mbele pale tu faili linapotaja kujifungua na si kingine.

Tahadhari: usijitungie ugonjwa kwa kusoma patografu. Daktari hakuandika? Mrudishie faili aandike. Na asikumalizie kwa mdomo kwenye korido.

4. Malizia na Z37, matokeo ya uzazi, kwenye faili la mama. Z38 ni ya mtoto. Ukizibadilisha, mama anasomeka kazaliwa jana.

MASWALI

Nyegezi Kwetu: Mkuu, mama kajifungua kawaida tu, naweka ngapi?
– Hatua ya 2. Ni mstari mmoja.

Dagaa Mbichi: Sisi wote waliopasuliwa ni O82 na hatujawahi kulalamikiwa.
– Hata mimi sikulalamikiwa, mpaka dai liliporudi.

Binti Sengerema: Samahani kaka, mwenye kovu la zamani la upasuaji, aliyepangiwa tarehe, hata uchungu haujaanza?
– Umeuliza vizuri dada. O34.2 inaongoza, kisha O82.0 kwa kuwa upasuaji ulipangwa.

Binti Sengerema: Na aliyeingia getini mzima, kajifungua vizuri, halafu kondo la nyuma likagoma?
– Hapo wengi huteleza. Inaangaliwa hali iliyojulikana mwisho wa matibabu, siyo ya getini. Kondo limebaki na damu imemwagika nyingi, O72.0. Limebaki bila kumwagika damu, O73.0. Kasome maelezo ya mkunga. Mara nyingi kiasi cha damu kakiandika yeye.

Dagaa Mbichi: Mapacha je?
– Z37.2, wote wakiwa hai. Naona umeanza kusoma.

Mzee wa Kirumba: Nyongeza: pigeni picha kurasa za O kwenye kitabu, muwe nazo kwenye simu. Umeme ukikatika hamkwami.
– Shikamoo mzee, hiyo nimeichukua. Ila ni kurasa za kitabu tu, vijana. Faili la mgonjwa halipigwi picha.