Masta kabla ya udaktari kule Marekani: hesabu kote (alama) zako kwanza

Wadogo zangu wa Lubumbashi, na nyinyi mulioko Ohio, Kentucky na kwingine kule, kuna swali linanifikia kila mara: "Yaya, nimemaliza digrii lakini kote si nzuri, nikifanya masta watanipokea kwa shule ya udaktari wa tiba?" Jibu linategemea kidonda chako kiko wapi, juu masta inaponya kidonda kimoja tu, na ukiinywa kwa ugonjwa mwingine utapoteza mwaka na makuta.

Desemba nilikuwa nyumbani Kamalondo, kwa mama mkubwa. Binti yake anasoma Marekani, alikuja likizo na releve zake zote (karatasi za kote) kwenye fardi. Mama mkubwa alikuwa anauliza kwa uchungu, miaka minne yote mtoto amesoma na bado hajaingia medesini? Hapa kwetu ukipata Diploma ya Serikali unaweza kuanza medesini (udaktari) UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, bila digrii nyingine kwanza. Kule ni tofauti, kwanza unamaliza digrii ya miaka minne hivi, ndani yake unapita biolojia, kemia, fizikia, halafu unafanya mtihani unaitwa MCAT, ndio unatuma dosie ya maombi. Wazazi waelezeni hiyo mapema, itawapunguzia presha nyinyi na wao.

Usiku umeme ukakatika, tukasukuma sahani za bukari pembeni, nikashika simu yenye tochi na yeye akachora mistari kwenye daftari, semesta moja mstari mmoja. Mwaka wa kwanza na wa pili C zimejaa, kemia oganiki hata D iko, alikuwa anafanya kazi usiku kwenye depo. Mwaka wa nne karibu yote A. Alikuwa hajawahi kuziona hivyo zimepangana. Na wewe fanya hivyo leo, usiangalie namba ya mwisho peke yake.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme una kredi 120 (vipimo vya uzito wa masomo) na wastani wa 3.0, hiyo ni pointi 360, yaani 120 mara 3.0. Ukiongeza kredi 30 za digrii ya kwanza na zote ukapata A, yaani 4.0, unapata pointi 480 kwa kredi 150, wastani unakuwa 3.2. Mwaka mzima wa A tupu na umepanda kidogo hivyo. Masomo ya kuongeza baada ya digrii, yale wanaita post-bac, yanaingia kwenye wastani huo wa zamani. Masta haiingii. AMCAS, ile sistemu inayopokea dosie za shule nyingi za udaktari, inaweka kote za masta kwenye mstari wake peke yake. Kwa hiyo masta haifuti C zako, inakaa pembeni yake kama shahidi mpya. Wengi hawajui hili, wanalipa wakidhani wastani utapanda.

Kama bado una mashimo kwenye masomo ya lazima, yale ya biolojia, kemia na fizikia, anza na post-bac. Kama masomo ya lazima umeyapita lakini wastani uko chini na unataka kuonyesha kwamba sasa unaweza kubeba mzigo wa udaktari, hapo masta inafaa, lakini si masta yoyote. Tafuta zile zinaitwa Special Master's Program, kwa kawaida mwaka mmoja hadi miwili. Chuo cha Georgetown wanayo, wanafunzi wanasoma fiziolojia na mengine pamoja na wa mwaka wa kwanza wa udaktari, mitihani ileile. Boston University pia wanayo ya sayansi za tiba. Masta ya afya ya jamii ni kitu kizuri kama unaipenda kazi hiyo kwa moyo, lakini jiri, wale wanaochagua wanafunzi, inayotafuta uhakika kwamba utaweza baiokemia haitaupata humo.

Na kama kidonda ni MCAT, masta si dawa. MCAT inaanzia 472 hadi 528, na unaruhusiwa kuifanya mara 7 tu maisha yako yote, si zaidi ya 3 ndani ya mwaka mmoja. Kaa chini usome MCAT, imalize kabla ya kuingia masta, juu kuzibeba zote mbili pamoja ndio njia ya kuharibu zote mbili.

Niwaambie langu. Mimi nilituma dosie wiki masta inaanza, nikaona nimewahi. Kwenye karatasi hakukuwa na kote hata moja ya masta, waliona zile za zamani tu, nikakataliwa kila mahali, niliumia sana, barua zile nilizisoma nikiwa kwenye basi. Dosie zinaanza kutumwa mwisho wa Mei au Juni kwa kuingia mwaka unaofuata. Kama una nguvu ya kusubiri, maliza masta, utume Juni hiyo ukiwa na kote zote, mwaka wa katikati ufanye kazi hospitali. Kama huwezi kusubiri, tuma, lakini kote za semesta ya kwanza zikitoka tu waandikie shule zinazokubali nyongeza.

Hatari kubwa ni hii: ukiingia masta na ukapata B na C, umewathibitishia kile walichokuwa wanaogopa, na hakuna masta ya pili ya kuja kurekebisha. Usiingie kama bado unafanya kazi usiku. Kwanza tafuta namna ya kuishi mwaka huo, juu karo inafika makumi ya maelfu ya dola na mikopo ni yako kuirudisha hata usipopokelewa.

Wenye digrii za hapa Kongo, muangalie mambo mawili. AMCAS haihesabu kote za nje isipokuwa chuo cha kule kimezipokea kama kredi zake, na shule nyingi zinataka masomo ya lazima uyasomee kule, masta peke yake haitoshi. Pia shule nyingi hazipokei mwanafunzi wa viza. Waliokwenda kama wakimbizi na wamepata green card (kibali cha kukaa kule daima) wako upande mzuri, hawahesabiwi wageni.

Kabla ya kulipa hata dola moja andikia programu uulize: kati ya walioanza, si waliomaliza tu, wangapi waliingia udaktari? Shule yenu ya udaktari inawahakikishia intavyu wenye kote gani? Nani ataniandikia barua ya rekomandasyo, profesa anayenijua au biro? Mudogo wangu alituma maswali hayo usiku uleule, kwa programu tatu. Mbili zilimjibu na namba. Ya tatu ilimtumia picha za majengo, tukaifuta kwenye daftari.