Picha za wadudu kwa karibu: hela ya kwanza weka kwenye mwanga

Mtu akiona picha ya jicho la nzi limejaa vitundu kama sega la nyuki anauliza kamera gani hiyo, afu anaanza kupiga mahesabu ya lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milioni na ushee. Tulia kwanza. Kwa wadudu kinachofanya picha iwe kali ni mwanga, afu mkono wako, lenzi inakuja ya tatu, na kuediti ni kusafisha tu kile ambacho tayari kipo kwenye picha.

Una simu tu? Kama lenzi yake pana inaweza kufokasi kwa karibu, mfano iPhone 13 Pro, unasogea mpaka sentimita 2 na mambo yanaenda. Ila ile kamera ya makro ya megapikseli 2 wanayobandika kwenye simu za bei ya kawaida ili waseme zina kamera nne, isahau, bora ununue kile kilenzi cha kubana utumie kamera kubwa ya simu.

Mwenye kamera ya DSLR (ile kubwa ya kubadilisha lenzi) ya mtumba na lenzi ya 50mm huyo tayari ana makro ila hajui tu. Tafuta zile ringi tupu za kurefusha lenzi, hazina kioo ndani ndo maana ni rahisi, hesabu yake ni urefu wa ringi gawanya kwa milimita za lenzi, so ringi za jumla 50mm kwenye lenzi ya 50mm zinakupa 1:1, yaani mdudu wa sentimita 1 anakaa sentimita 1 ileile kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Zile za bei ya chini kabisa hazina mawasiliano ya umeme kwa hiyo kwa lenzi za Canon EF apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, inabaki wazi. Kuna ujanja, seti f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), shikilia kile kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayotoka kali, hapohapo chomoa lenzi, apacha inabaki imefungwa vilevile. Ukitaka kilenzi cha kukuza cha kubana mbele ya lenzi basi Raynox DCR-250, ndogo, na inakaa vizuri kwenye lenzi ndefu.

Sasa mwanga. Ukiwa 1:1 kwa f/8 sehemu iliyo kwenye fokasi haifiki hata milimita moja, ukifunga apacha ili uongeze kina giza linaingia, ukipunguza spidi ya shata upepo unatikisa jani na wewe mwenyewe unatikisika, so huna namna, unahitaji flashi. Na flashi peke yake ni mbaya sana kwa wadudu manake wengi wana gamba linang'aa, utapata doti jeupe mgongoni na rangi yote imeondoka. Dawa ni difyuza, kitu cha kulainisha mwanga: kata dumu jeupe la plastiki au kunja karatasi ya kuokea keki, funga na gundi ya karatasi juu ya flashi hadi ije karibu kabisa na ncha ya lenzi, maana difyuza ikiwa kubwa na karibu na mdudu ndo mwanga unakuwa laini. Anzia manual, shata 1/200, f/8 hadi f/11, ISO 200, nguvu ya flashi 1/16, afu rekebisha flashi tu. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo inawaka kwa muda mfupi mno, hiyo ndo inagandisha mtikisiko, sio shata. Nyuma ikitoka nyeusi tii basi hakuna kitu karibu cha kupokea mwanga, sogeza jani bichi nyuma ya mdudu umalize kesi.

Toka asubuhi, saa 12 mpaka saa 2 hivi. Mdudu hajitengenezei joto kama sisi, kukiwa na baridi na umande ametulia, ikifika saa 5 kereng'ende hata hakuruhusu umsogelee. Nenda chini, taratibu, na kivuli chako kisimpite juu. Zima autofokasi, fokasi kwa kusogea mwili mbele nyuma. Kama yuko kwenye kijiti, shika kijiti kwa mkono wa kushoto na lenzi iegemee kwenye mkono huohuo, hapo kamera na mdudu vinatikisika pamoja, na hicho kitu kimoja kitakubadilishia picha kuliko lenzi yoyote.

Fokasi ni jichoni, siku zote. Vunjajungu ni wa kuanzia nae, ametulia na anakugeuzia kichwa, utaona kidoti cheusi kwenye jicho kinakufuata kila ukihama, sio mboni ile, ni vile vijicho vidogo vinavyokutazama moja kwa moja ndo vinaonekana vyeusi. Maji moto, wale sisimizi wakali wa kwenye mwembe, nao watamu, walinzi wao wanasimama ukingoni mwa jani meno wazi, ila usiegemee tawi lao. Na kipindi cha mvua ukikuta kamdudu kembamba kekundu na keusi, ile Nairobi fly, piga picha tu usikaponde kwenye ngozi, malengelenge yake ni ya moto. Wanaoweka wadudu kwenye friji ili watulie mimi siwaelewi, amka mapema tu.

Kwenye kuediti, piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, hata app ya Snapseed inafungua DNG (aina mojawapo ya RAW) na ni ya bure, kwenye kompyuta kuna programu ya darktable. Kropi (kata kingo) kwanza, shusha sehemu zinazong'aa sana, inua vivuli kidogo, toa noizi (zile chembechembe) kabla ya kuongeza ukali. Ukali usipake picha nzima: kwenye Lightroom vuta ile masking huku umeshika Alt, kilichobaki cheupe ndo kitaongezwa ukali, hakikisha ni jicho na vinyweleo, nyuma ibaki laini. Zile app za AI za kunolea picha zinaota vinyweleo ambavyo mdudu hana, mtu anayejua wadudu atakucheka.

Mdudu akitulia kabisa, piga picha kadhaa ukisogeza fokasi kidogokidogo toka papasi (zile antena za kichwani) hadi mgongo, afu ziunganishe ili mdudu wote atoke kali. Photoshop: zipakie kama leya za faili moja, chagua zote, Auto-Align, kisha Auto-Blend ya Stack Images. Programu ya Zerene Stacker ni bora kwa kazi hii, ina njia mbili za kuunganisha, PMax yake inashika vinyweleo na miguu iliyopishana, DMap inatunza rangi vizuri zaidi. Mpiga picha Levon Biss wa Uingereza picha yake moja ya mdudu wa makumbusho inatokana na picha karibu 8,000, ila wadudu hao wameshakufa hawatikisiki. Wewe picha 5 mpaka 10 za mkononi zinatosha. Angalia ukungu kuzunguka papasi, ukiuona usafishe kwa brashi ukichukua kutoka picha moja halisi.

Ukimtumia mtu WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama picha inakandamizwa na vinyweleo vyote ulivyohangaikia vinageuka uji.