Kumrekodi msanii mzee wa Lamu au Malindi: uliza kazi zote, si nyimbo tu

Msanii mkongwe akialikwa redioni huulizwa yale yale: ulianza lini, nani alikufunza, wimbo upi unaupenda. Majibu anayo kichwani tayari, amekwisha kuyasema. Kinachopotea ni kazi zilizomlisha. Pwani ni wachache walioishi kwa muziki au ushairi peke yake. Huyu alishona kanzu, yule alivua, mwingine alikuwa karani. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, aliyezaliwa 1952, ni mshairi na imamu, na kwa miaka mingi alikuwa mwokaji mikate. Bi Kidude wa Unguja aliimba, akapiga ngoma za unyago, akatengeneza wanja na hina. Ukirekodi nyimbo tu, umerekodi nusu ya mtu.

Usianze na mzee mwenyewe. Anza na mwanawe au mjukuu anayeishi naye, umuulize: sikio lipi linasikia vizuri zaidi, dawa zake humlaza saa ngapi, ana kisukari (ili usiende na halua), na hupumzika wakati gani. Mara nyingi saa nzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, au baada ya alasiri. Iache Ijumaa, iache Ramadhani, na kwa Lamu ziache pia siku za Maulidi za Mfungo Sita, kwa kuwa nyumba hujaa wageni.

Kuna swali moja zaidi ambalo wengi husahau: je, ameuacha muziki kwa ajili ya dini? Wapo waliotubia, hawataki kusikia sauti zao za zamani. Ukimpigia mtu kama huyo kaseti yake ukidhani unamfurahisha, mazungumzo yamekwisha. Mwingine atakubali kueleza lakini si kuimba. Yapokee hayo hayo. Na bibi aliyekuwa akiimba harusini mbele ya wanawake tu arekodiwe na mwanamke, na kabla ya kuwasha chochote mpatane ni nani watakaoisikia sauti hiyo.

Sasa chumba. Nyumba ya mawe ya Lamu, kwa kuta zake nene na dari ya boriti, ina ubaridi mzuri lakini sauti hurudi, msikilizaji akadhani mtu anasemea ndani ya birika. Tandika zulia au mikeka miwili mitatu, na usimamishe godoro kwenye ukuta ambao mzee anautazama, kwa sababu huko ndiko sauti yake inakogonga kwanza. Usimrekodi dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni: punda watalia, na kila apitaye atatoa salamu ambayo ni lazima ijibiwe. Malindi adui ni bodaboda, tuktuk na pangaboi. Zima pangaboi, rekodi vipande vya dakika 20, kisha liwashe mpumue. Friji nayo huvuma, na mvumo wake hauondoki baadaye kirahisi. Omba ruhusa uizime, na uweke ufunguo wa nyumba yako ndani yake, usije ukaondoka samaki wa watu wakaoza. Adhana ikianza, simamisha.

Simu yatosha, mradi uwe na maiki ndogo ya kubana kwenye nguo. Ibane kiasi cha shibiri moja chini ya kidevu, mbali na tasbihi na ushungi, maana mkwaruzo wa nguo ndio huharibu rekodi nyingi kuliko kelele za nje. Weka simu katika hali ya ndege. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24, mono; saa moja hula kama MB 520, basi hakikisha una nafasi ya GB 2. Mita ya sauti icheze karibu na -12 dB, hata kama unaona iko chini. Mzee anayenong'ona anaweza kuinua beti ghafla, na sauti ikishapasuka haitengenezeki. Rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni. Kikao kisizidi saa moja; rudi siku nyingine.

Katika maswali, mwaka usiuulize moja kwa moja. Atakupa wowote ili kukuridhisha. Uliza: "Kenyatta alipofariki ulikuwa ukifanya kazi wapi?" Hiyo ni Agosti 1978. Una pia Uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, jaribio la mapinduzi nchini Kenya la tarehe 1 Agosti 1982, na kwa Lamu, wakati ngome ilipokuwa bado jela, hadi 1984. Akisema alirekodi Sauti ya Kenya, redio ya taifa, huenda ni kabla ya 1989, ilipogeuzwa jina kuwa KBC, ingawa wazee wengine hawakuliacha jina la zamani. Umri nao usiulazimishe: Bi Kidude alifariki Aprili 2013 na mwaka wake wa kuzaliwa ulikuwa wa kukisia tu. Andika "anakisiwa".

Kwa kila kazi, taka vitu vya kushikika. Alilipwa kwa siku, kwa kipande au kwa pishi? Chombo kilikuwa cha nani? Nauli ya jahazi kwenda kuimba harusini ilitoka mfuko gani, na tuzo waligawana vipi, mpiga udi akapata ngapi na mpiga dumbaki ngapi? Kisha lile swali linalofungua mengi: ukikesha ukiimba, asubuhi yake kazini nani alishika nafasi yako? Hapo ndipo hutokea majina ya watu ambao hakuna santuri iliyowataja.

Akitoa kaseti, usizitie kwenye redio papo hapo. Chumvi na unyevu wa pwani huotesha ukungu. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, usiicheze, itachafua kichwa cha redio na kaseti zinazofuata. Zilizo safi, vunja vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni zisifutike, zipeleke mbele hadi mwisho na kuzirudisha mara moja, ndipo unakili. Kaseti ya dakika 90 huchukua dakika 90, njia ya mkato hakuna. Za dakika 120 zina utepe mwembamba unaokatika upesi. Zipeleke kwa fundi.

Idhini iwe kwa sauti mwanzoni mwa rekodi na kwa karatasi pia: isambazwe yote, ibaki kwa familia, au ingoje mpaka afariki. Kumbuka kuwa kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya utungo hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo ruhusa ya mazungumzo si ruhusa ya kuuza nyimbo.

Kuandika saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita. Akisema "ndoo" kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, usimsahihishe kuwa "njoo". Msomee ulichoandika, majina ya watu na ya majahazi ndiyo hukosewa zaidi. Nakala ya familia iwe kwenye flashi na kwenye karatasi pia, kwa kuwa flashi huishia kwa wajukuu ikafutwa ili iwekwe filamu.