Namna ya Kumwekea Alama Jodari au Sulisuli, na la Kufanya Ukimpata Aliyewekewa

Kati ya 2005 na 2007, jodari zaidi ya 168,000 waliwekewa alama, yaani utepe wa plastiki wenye namba unaoshikizwa mnofuni kwa kishale, katika magharibi ya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika karibu na pwani ya Tanzania, kwa kutumia vyombo vinavyovua kwa mwanzi na mshipi. Takriban samaki mmoja kati ya kila sita alivuliwa tena na alama yake ikarudishwa. Makadirio ya kasi ya ukuaji wa jodari na ya kiwango cha uvuvi unaowakabili, ambayo Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao yake Victoria, Shelisheli, huyatumia, yametegemea sana alama hizo. Mwongozo huu ni kwa nahodha na baharia aliyejiunga na mpango unaotambuliwa, kama ule unaoendeshwa Watamu, Kenya, na African Billfish Foundation. Usijitungie alama zako mwenyewe, kwa maana namba isiyo kwenye daftari la mtu haina faida yoyote kwa utafiti.

Maandalizi yafanyike nchi kavu. Tumia ndoana ya mviringo ambayo ncha yake imeelekea ndani, kwa sababu mara nyingi hunasa pembeni mwa taya, ilhali ndoana ya kawaida humezwa ikafika tumboni. Chora mistari ubavuni mwa boti kila sentimita 50, juu kidogo ya maji, upate kukadiria urefu wa samaki bila kumpandisha. Kisha andika namba ya alama kwenye kadi kabla ya kuifunga alama kwenye ncha ya mti wa kuichomea. Wengi huliahirisha jambo hili, na samaki akishaondoka na namba yake hakuna wa kumuuliza.

Samaki akinasa, mlete upesi, kwani aliyepigana hadi kuishiwa nguvu anaweza kufa baada ya kuachiwa, hata kama aliondoka akionekana mzima. Sulisuli asitolewe majini kabisa. Boti iendelee kusonga mbele taratibu, naye aelekezwe kichwa mbele ubavuni mwake, maji yaingie kinywani na kutokea kwenye matamvua; samaki wa jamii hii hupumua kwa mwendo, na kumvuta kinyumenyume ni sawa na kumkaba. Anayemshika mdomo avae glavu.

Shabaha ya alama ni mnofu wa mgongo, chini kidogo ya shina la pezi la mgongoni na mbali na kichwa na matamvua. Ngoja samaki atulie, kisha choma mara moja kwa mkono thabiti, mti ukielekezwa kidogo upande wa kichwa, ili kishale kijishike kwenye vijifupa vinavyobeba pezi na utepe wenye namba ulale kuelekea mkiani. Kisipoingia sawasawa, utauona utepe ukichezacheza na kusimama wima majini, na alama hiyo haitadumu. Pale samaki anaporukaruka, ni heri kumwachia bila alama kuliko kumtoboa shavu au jicho. Ndoana ikiwa imeingia ndani sana, kata mshipi karibu nayo iwezekanavyo. Aliyechoka ashikiliwe mdomo huku boti ikitambaa, mpaka apige mkia mwenyewe.

Kadi ijazwe papo hapo: tarehe, saa, mahali, aina ya samaki, urefu, uzito wa kukadiria, na hali aliyoondoka nayo. Urefu wa jodari huanzia ncha ya pua hadi katikati ya panda ya mkia, bali wa sulisuli huanzia ncha ya taya la chini, kwa kuwa ule mdomo mrefu wa juu huweza kuvunjika. Andika ulichokiona. Kadi ambazo kila sulisuli ana kilo 25 kamili humweleza mtafiti tabia ya nahodha kuliko habari za samaki.

Upande wa pili wa kazi hii, nao kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa zaidi, uko kwenye diko na mnadani. Tuchukue mfano wa samaki 1,000 walioachiwa na alama. Wakivuliwa 100 lakini zikarudishwa alama 50 tu, hesabu itaonyesha kwamba uvuvi ni nusu ya ulivyo kweli, na viwango vya kuvua vinaweza kupangwa juu kuliko bahari inavyohimili. Ndiyo maana wakati wa mradi wa 2005 watafiti walipanda alama kwa siri katika samaki waliokwisha kuvuliwa na meli za nyavu kubwa, wapate kupima ni ngapi zitaripotiwa.

Kwa hiyo mchuuzi au mpara samaki akiona uzi wa plastiki umejitokeza mgongoni, pengine ukiwa umefunikwa na mwani kiasi cha kudhaniwa ni uchafu, asiukate na kuutupa. Aufute kwa kidole mpaka namba isomeke, ampime samaki kabla hajakatwa, na kumpelekea alama yenyewe Bwana Samaki, yaani afisa uvuvi, au viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Kichwa kihifadhiwe kwenye barafu mpaka mtafiti aseme kama anakihitaji, kwani mawe madogo ya sikioni huonyesha umri.

Mahali alipovuliwa samaki ndipo penye makosa mengi. Mwenye GPS aandike namba zinavyosomeka. Asiye nayo asibuni, bali ataje jina la mwamba au eneo la bahari walikovua, bandari waliyotoka, uelekeo na saa walizosafiri. Ofisini maelezo hayo yanaweza kuwekwa kwenye ramani. Namba za kubuni haziwezi kurekebishwa.