Mbwa au paka akimeza aspirini: la kufanya kabla hujamfikisha kwa daktari wa mifugo

1. Soma pakiti, piga hesabu. Kidonge kinachouzwa sana duka la dawa ni cha miligramu 300. Kile kidogo cha wagonjwa wa moyo ni 75. Gawa miligramu alizomeza kwa kilo zake. Mbwa akifika 50 kwa kilo, ni sumu, na tumbo linaweza kuchubuka hata kabla ya hapo. Akivuka 100, maisha yake yako hatarini. Kwa paka, 25 tu ni sumu. Paka wa kilo 3 akipewa nusu kidonge cha 300 kwa kuwa anachechemea, tayari ni 50, na ini lake huitoa aspirini polepole mno. Kidonge chenye parasetamoli ndani yake ni kibaya zaidi kwa paka: usihesabu, ondoka naye. Dawa za kuchua zenye salisileti, jamii ya aspirini, ni sumu ileile akizilamba.

2. Dalili: kutapika, wakati mwingine matapishi kama machicha ya kahawa, kinyesi cheusi kinachonata kama lami, kuhema haraka akiwa amelala tu, joto, kulegea. Mfunue mdomo: fizi zikiwa nyeupe, huenda anavuja damu ndani.

3. Kumtapisha. Hapa ndipo wengi wanapomuua mnyama kwa nia njema. Fanya kwa mbwa tu, mwenye fahamu zake, ndani ya saa mbili tangu ameze, na baada ya kuongea na daktari kwa simu. Tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 2 kwa kilo, usivuke 45. Soma chupa: ya asilimia 6 ni lazima uichanganye na maji kiasi sawa, la sivyo inaunguza koo. Tia pembeni ya shavu kidogokidogo kwa bomba lisilo na sindano; ukimwagia kooni itaingia mapafuni. Dakika 15 zikipita kimya, rudia mara moja, basi. Mbwa wa kulinda korosho aliyekutwa shambani hujui amemeza saa ngapi, au anayehema sana au aliyetapika damu, usimtapishe. Paka kamwe: peroksaidi humchubua tumbo likatoka damu. Chumvi usimpe yeyote, inaharibu ubongo. Maziwa na madafu hayaiondoi dawa tumboni, na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali.

4. Mpeleke, na pakiti uishike mkononi. Aliye kijijini Tandahimba au Nachingwea ampigie afisa mifugo wa kata kabla ya kutafuta bodaboda, ajue kama dripu ipo.

5. Dawa ya kuifuta aspirini haipo. Omba dripu, mkaa maalumu kama bado mapema, omeprazole na sukralfati za kulinda tumbo. Wakitaka kumchoma sindano ya diklofenaki au deksamethasoni kwa ajili ya homa au maumivu, kataa palepale: zinaongeza vidonda tumboni. Joto lishushe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida. Kagua kinyesi kila siku kwa wiki nzima, maana kidonda cha tumbo huweza kutoboka akiwa ameshaanza kula.