Kabla Hujavaa Sare ya Uuguzi Ukiwa na Miaka Arobaini na Ushei

Anza na cheti chako cha kidato cha nne. Stashahada ya uuguzi inahitaji wastani wa C katika KCSE, yaani mtihani wa kidato cha nne wa Kenya, C katika Biolojia na katika Kiingereza au Kiswahili, na angalau C- katika somo moja kati ya Hisabati, Fizikia na Kemia. Umri wako hautakuongezea alama.

Usilipe hata shilingi moja kabla hujahakikisha kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya. Kozi fupi ya kuhudumia wagonjwa majumbani ina manufaa yake, lakini haimfanyi mtu kuwa muuguzi, hata mwenye chuo akikuapia.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ichomwe mapema, maana dozi zake tatu huchukua takribani miezi sita. Nenda ukapimwe macho pia. Mistari ya bomba la sindano ni midogo kuliko unavyoikumbuka.

Sasa tuje kwenye jina, na hapa nitakuomba utulie. Mimi nilifanya KCSE mwaka 1999 nikiitwa Mwanaisha, kwa jina la baba na la babu. Nilipokwenda kubadilisha kitambulisho baada ya harusi, niliandikisha Aisha, kama nilivyozoea kuitwa nyumbani, pamoja na jina la mume wangu, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeniuliza kitu. Karani wa chuo alizitazama hati zote mbili, akagonga muhuri, akaniambia tutarekebisha mbele ya safari. Ulipofika wakati wa kusajiliwa na Baraza kama mwanafunzi, wenzangu, ambao wengi wao ni rika la binti yangu, walipata nambari zao na fomu yangu ikarudi. Nilikwenda kwa wakili nikaapa hati ya kiapo. Nikaambiwa kiapo kingetosha lau tofauti ingekuwa ya herufi moja mbili, ila hapa jina limebadilika, hivyo inatakiwa hati rasmi ya kubadilisha jina, isajiliwe na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Nilipanda treni kwenda Nairobi mara mbili, na pesa nilizoweka kwa ajili ya karo ya muhula wa pili zikaishia njiani. Tangazo lilipotoka, darasa langu lilikuwa limekwisha kuingia wodini, nami nikaambiwa nisubiri kundi linalofuata. Karani yule sikumwona tena dirishani. Kwa hiyo tandika mezani leo cheti cha kuzaliwa, cheti cha mtihani, kitambulisho na cheti cha ndoa, uvisome herufi kwa herufi. Na kama shule yako ya zamani imezuia cheti kwa sababu ya deni la karo, ijulishe kwamba sheria ya mwaka 2012 ya baraza la mitihani hairuhusu jambo hilo.

Nyumbani, zungumza na mume, mama mkwe na watoto kabla ya zamu za usiku kuanza, si baada yake, na mkubaliane nani atapika futari mwezi wa Ramadhani utakapokukuta wodini. Anayeishi Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kupangiwa mafunzo Hospitali ya Rufaa ya Pwani aihesabu foleni ya feri kuwa sehemu ya zamu. Nunua viatu vizuri, usifanye ubahili.

Weka akiba ya kukuvusha hata baada ya kuhitimu, kwa kuwa leseni si barua ya ajira, na nafasi za kaunti hutangazwa pale bajeti inaporuhusu. Wakala anayekuahidi Uingereza au Ghuba kabla hujasajiliwa asiishike pasipoti yako. Usimdhamini mtu mkopo katika miaka mitatu ya mafunzo. Risiti zote zihifadhiwe, pamoja na nakala za vyeti, tena zisiwekwe chini ya kitanda ikiwa nyumba yako huingia maji mvua za Mei zinapopiga.